Siti ya Nyuma ya Datsun

Ndeti, uko? Usicheke kwanza.

Si unakumbuka vile tulitoa siti ya nyuma kwa Datsun ya babu, ndio iwe nyepesi kwa mbio za robo maili Jumapili? Wewe ndiye ulisema gari ni injini, hizo zingine zote ni mzigo.

Sasa leo ni harusi ya Lela. Dadangu. Na Shauri Moyo nzima inajua anatoka na Datsun ya babu. Mimi kichwa kilikuwa kwa kabureta, nikasahau.

Nimesimamisha gari mlangoni, imeoshwa, ina maua kwa boneti. Wamama wanapiga vigelegele. Mjomba Jumbe akafungua mlango wa nyuma.

Vigelegele vikakatika. Vikakatika, Ndeti. Ndani ni bati tupu na waya.

Mama akaniuliza polepole, "Idarusi, dadako atakaa wapi?"

Nikasema mbele, kufunga siti tena ni kazi ya saa mbili. Mama akaruka, "Bibi harusi akae mbele kama konda?"

Lela ananiangalia tu ndani ya shela.

Ndio nyanya akaja na mkongojo wake, akachungulia ndani, akaanza kucheka. Akasema, "Babu yenu alinioa mwaka wa sabini na saba na gari hii hii. Siti alikuwa ametoa, eti mbio. Nilikaa juu ya spea mpaka kwake."

Akanigeukia. "Fungua buti, umtolee dadako spea."

Ndeti, spea nayo si tuliitoa, iko kwako. Ilete sasa hivi, Lela bado amesimama.