Nilifuta Habari za Mtoto wa Mama Monique

Mama Phelister, wewe unayejibu barua zetu gazetini, naomba unisaidie, maana nina neno ambalo siwezi kulisema kanisani wala kwa mke wangu. Mimi ni Mugisho, Mkongomani, nakaa Kalerwe, nafanya kazi kwenye duka la kuchapisha huko Wandegeya, na kwa miaka miwili nimekuwa na hamu moja tu, kujifunza kuendesha tovuti kwenye mashine yangu mwenyewe kwa programu huria, zile mtu anazichukua bure na kuzifungua aone zinavyofanya kazi, kwa sababu shule sikumaliza, vita vilinitoa darasani. Bosi alinipa kompyuta ya zamani, nikaiweka nyuma ya duka, nikajifunza kwa kusoma na kukosea, na tovuti yangu ya kwanza ikawa ya watu wetu waliopotezana na ndugu zao wakati wa kukimbia: jina, picha, mahali alipoonekana mwisho, na nafasi ya kuandika kama umemwona.

Mama Monique, anayeuza dagaa sokoni, alileta picha ya binti yake Princesse, miaka kumi na miwili, aliyempoteza kwenye msongamano wa mpaka wa Bunagana. Kila Jumapili ananishika mkono, "Mugisho, kuko mtu ameandika?"

Ijumaa moja aliandika mtu mwenye duka la dawa katika kambi ya wakimbizi ya Kyangwali, akasema mtoto wa jina hilo anaishi na familia jirani yake, ana kovu kidevuni, akaacha namba ya simu. Nilifurahi mno. Lakini Mama, sikumwendea Mama Monique siku ile, nilitaka nimtangazie Jumapili mbele ya kanisa zima, watu waone kazi yangu. Jumamosi nikasema niweke mfumo mpya wa kuendesha kompyuta ili tovuti isikwame watakapoifungua, mashine ikauliza kama ifute kila kitu kwenye diski, nikadhani inasema sehemu iliyo tupu, nikakubali. Picha zilikwenda, majina yalikwenda, namba ilikwenda, na nakala sikuwa nayo popote.

Jumapili aliponishika mkono nikajibu, "Bado, mama." Sasa ni Jumapili ya nne. Kila siku naijenga upya tovuti kwenye mashine ileile. Nimwambie, au ninyamaze mpaka yule mtu aandike tena?

Mugisho, Kalerwe

*

Mugisho,

Nilisoma barua yako kwa hasira, nikaiweka chini, nikaisoma tena. Anayejifunza hukosea, na kwa hilo sikulaumu sana. Kufuta kulikuchukua dakika moja. Lakini mama huyu umemdanganya mwezi mzima ukiwa na akili zako timamu. Usiniambie unamwonea huruma, unajionea wewe. Namba ilipotea, ndiyo, ila kambi uliijua, duka la dawa ulilijua. Hayo yangemtosha mama kupanda basi Jumapili ileile.

Nilimuuliza pia Makokha, fundi wa kompyuta hapa ofisini. Anasema kilichofutwa huenda kingeokolewa kama ungezima mashine papo hapo. Kila ulipoijenga upya, uliandika juu yake.

Ndiyo maana sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia Jumanne asubuhi nikakwambia uache kazi uende sokoni mara moja, na ulikwenda. Wasomaji wajue yaliyofuata. Mama Monique mwenyewe anataka jina la mtoto litangazwe.

Ulipomwambia yote, hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Alisema ako na kovu?" akafunika dagaa wake, akakufuata. Jumatano mlifika Kyangwali, mkamkuta mwenye duka la dawa. "Niliandika, nikangoja mnipigie," akawaambia. "Nilimwambia mtoto mama yake anakuja." Familia ile ilikuwa imeondoka kambini siku tisa kabla, na Princesse pamoja nao. Wengine wanasema wamerudi Kongo, wengine wanasema Nairobi.

Sasa nisikilize. Mashine hiyo mpelekee Makokha ajaribu kuokoa kilichobaki, usiiwashe tena. Nenda na Mama Monique kwenye ofisi ya wanaotafuta watoto waliopotea, aandikishe upya, nawe useme yote, hata ya kutaka kusifiwa kanisani. Familia zote zilizokuletea picha uwaambie Jumapili hii, umesimama, kisha upokee picha tena mmoja mmoja. Kujifunza usiache, ila nakala ya kila kitu ikae kwa mtu mwingine, na ujumbe ukiingia saa nne mwenye ndugu aliyepotea aupate kabla ya saa tano.

Barua yako ya pili, uliyoniandikia mliporudi kutoka kambini, inauliza umwombeje Mama Monique msamaha. Usimwombe sasa. Msamaha utakupumzisha wewe, na yeye bado anatafuta mtoto.