Ba'mdogo Ramaro Anasema Hakucheza

Ambatolampy,
27 Agosti.

Mpendwa Dada Vololona,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, sisi sote tulio ng'ambo hii ya maji. Hujambo? Goti lako limepata nafuu, au bado unapanda ngazi za kazini kwa kushika ukuta? Shemeji hajambo? Watoto je, wamekua kiasi gani huko Saint-Denis?

Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina huruma. Asubuhi barafu inang'aa juu ya kabichi. Baba anavaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, na bado anasema hasikii baridi. Mume wangu Naivo anamjibu kwamba hasikii chochote, basi Baba anacheka, kwa maana hilo amelisikia.

Sanda ya hariri uliyotuma ilifika salama. Wanawake wote waliipapasa mpaka nikaogopa itachakaa kabla ya siku yake. Mama amevikwa hiyo, ya juu kabisa, juu ya zetu zote. Najua uliumia kukosa famadihana yake, usiwepo anapotolewa kaburini kuvikwa sanda mpya, ndiyo maana nataka nikueleze yote, mazuri na yale yaliyotaka kuharibika. Maana iliharibika, Dada. Kidogo tu tusifungue kaburi mwaka huu. Na sababu si ng'ombe wala mchele wala siku aliyotupa mnajimu. Sababu ni muziki.

Tulikutana kwa Baba baada ya mavuno. Mambo makubwa yote tuliyamaliza kabla chai haijapoa. Kisha mwanangu Njaka akauliza kitu ambacho kila mtu alidhani kimeshaamuliwa: "Nani atapiga muziki?"

Ba'mdogo Ramaro alimtazama kama aliyeulizwa jua linatoka upande gani. "Hira gasy. Kundi la Behenjy, na fidla zao za kienyeji. Nani mwingine?"

Hapo Tombo, mume wa mdogo wetu Fara, akaweka kikombe chini. Unamjua Tombo, mtoto wa Diego, hawezi hata kuchota maji bila kutikisa bega. Akasema kwa upole kwamba Mama alipenda salegy, muziki wa kwao pwani, na kwamba yeye ana ndugu zake Tana, mji mkuu, wenye kundi, magitaa, kodiani, spika na kila kitu, na watakuja kwa heshima ya mkwe.

"Spika kaburini?" Ba'mdogo akasema. "Gitaa la umeme jenereta likizima ni ubao wa kukatia vitunguu. Fidla haiombi mafuta."

"Haiombi mafuta," Tombo akajibu, "lakini mpigaji wake anaomba gongo."

Tulicheka, na Ba'mdogo naye alicheka, ndipo mjadala ukaanza kweli. Dada, ungekuwepo! Nani mkubwa kuliko wote? Tombo alisema mfalme ni mmoja tu, Jaojoby, na asiyemkubali akapimwe kiuno. Akatueleza kwamba zamani kwao radio ya Kenya ilisikika kuliko ya Tana, na vijana walikaa wakisikiliza magitaa ya Kongo mpaka vidole vikajifunza vyenyewe. Mimi nikasimama upande wa kundi la Mahaleo. Nani katika rika letu hakuandika barua ya mapenzi kwa maneno yao, halafu akajifanya ni yake? Wewe usiseme, barua zako nilizisoma.

Njaka, na zile nywele zake ndefu kama mkia wa farasi, alisema sote tumepitwa na wakati. Muziki ni roki. Akataja Beatles, akataja Queen, akataja wengine wenye majina ya kutisha.

"Hao," Ba'mdogo akauliza, "wamewahi kuja Ambatolampy?"

"Hapana, Babu."

"Basi hawamo."

"Lakini Babu, hira gasy yenu inaanza na hotuba nusu saa. Mimi kwa dakika tatu nimemaliza, na watu wametokwa machozi."

"Ya masikio," Ba'mdogo akasema.

Mpaka hapo ilikuwa furaha. Kilichotia sumu ni pale kila mmoja alipoanza kumtumia Mama. Ba'mdogo alisema shemeji yake alimwambia kwa mdomo wake kwamba duniani hakuna kama hira gasy. Tombo akasema, hapana, Mama alimwambia siku ya arusi yake kwamba hakuna kama salegy. Njaka akaapa kwamba Bibi alimwambia muziki wake ndio bora. Nami, usinicheke, nilipiga meza. Mimi ndiye niliyekaa naye jikoni miaka yote radio ikiimba, mimi ndiye niliyejua alipenda nini. Kila mtu alihisi anaibiwa mama yake.

Ndipo Ba'mdogo alipomgeukia Tombo na kusema neno ambalo hakupaswa kulisema. "Kwenu pwani hamgeuzi wafu. Wewe unajua nini habari hizi?"

Tombo alivaa kofia yake taratibu. "Kwetu, Ba'mdogo, tunawaacha wafu wapumzike," akasema, "kwa sababu walicheza vya kutosha walipokuwa hai." Akatoka. Fara akamfuata. Ba'mdogo naye akasimama, akasema tukileta magitaa kaburini tusimtafute. Na unajua bila yeye hakuna wa kusema maneno mlangoni pa kaburi. Baba ndiye mkubwa, lakini sauti yake haifiki hata kwenye ua.

Fara alikuja kwangu kesho yake, macho mekundu. Tombo alikuwa amesema hatakanyaga kwenye sherehe, na yeye Fara hawezi kwenda bila mumewe. Akakaa kwenye gunia la mkaa pale karakana, katikati ya sufuria za Naivo, akalia kama mtoto. Sikuelewa kwanza kwa nini analia hivyo kwa ajili ya magitaa. Kisha akaniambia. Ni mkeka, Dada. Ule mkeka wa kumbebea Mama. Unajua wanawake wanavyougombania wakitaka mtoto, na wewe unajua Fara amengoja miaka mingapi. Daktari wa Antsirabe amemwambia wote wawili hawana kasoro, wangoje tu. Alikuwa anangojea siku hii tangu mwaka juzi bila kumwambia mtu.

Nikavua aproni, nikaenda kwa Ba'mdogo siku ileile. Nilimkuta anapasua kuni. Sikumbembeleza. Nilimwambia habari ya Fara, nikamwambia pia kwamba neno alilomwambia Tombo, Mama angelisikia angempiga na mwiko. Alipasua kuni nyingine kadhaa. Mwishowe akasema, "Nitafungua kaburi. Watu wa Behenjy watapiga wakati wa kufungua. Hayo magitaa yakianza, mimi naenda nyumbani kwangu." Kuhusu Tombo hakusema kitu, lakini jioni ile alituma kuku wawili kwa Fara. Tombo alizunguka nao uani, akawaangalia, akasema kuku hawajui kuomba radhi ila wamenona vizuri. Akakubali kuja.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua, Dada. Watu walikuja kutoka kila upande, na kofia zao za ukili na shuka mabegani. Wali wenye mafuta ya nguruwe ulipikwa kwenye sufuria ambazo Naivo alizisubu makusudi, kubwa hata mtu angeweza kuoga ndani. Watu wa Behenjy walivaa yale makoti mekundu, na lazima niseme ukweli hata kama ni wa upande wa pili: walipiga vizuri. Ba'mdogo alisimama mlangoni pa kaburi, akasema maneno yake, akawaita wazee wetu mmoja mmoja, na alipofika kwa Mama sauti ilimkatika. Fidla zikamsaidia. Kisha Mama akatolewa.

Tulimpokea mapajani sisi mabinti. Nilishika upande wako pia. Nilimwambia Vololona anakusalimu, goti linamsumbua, sanda hii ni yake.

Kundi la roki la Njaka na wenzake lilipewa wimbo mmoja wakati tunafunga sanda. Sahani ya ngoma yao ilipasuka njiani, basi wakatumia kifuniko cha sufuria ya baba yake. Yule bibi Ravao wa sokoni, ambaye hana jino hata moja, alitikisa kichwa mwanzo mpaka mwisho na kuuliza kama wanajua mwingine.

Kisha ndugu zake Tombo wakawasha jenereta. Ba'mdogo, kama alivyoahidi, alichukua fimbo yake akaenda zake. Lakini hakwenda nyumbani. Alikwenda mpaka kwenye ukingo wa shamba la mpunga, akasimama huko na mikono kifuani, ametupa mgongo.

Vijana wakamwinua Mama mabegani, salegy ikalia. Dada, muziki ule una mbio! Vijana wetu wa huku juu hawakuuzoea. Wa mbele walikuwa wanaruka, wa nyuma wanatembea, mkeka unakwenda kama mashua iliyopoteza usukani. Wanawake tukaanza kupiga kelele. Tombo alikuwa mbele na miguu yake ilijua kazi, lakini mwenzake wa kulia alikuwa Haja, yule kijana wa posta, na Haja hajui hata kutembea. Waliyumba upande mmoja, wakayumba upande wa pili.

Kutoka kule shambani tukasikia ngurumo: "Mnamwangusha shemeji yangu!"

Alikuja mbio, fimbo ameitupa, kofia imeanguka. Alimsukuma Haja kando, akauweka mkeka begani kwake mwenyewe, bega kwa bega na Tombo. "Hesabu!" akamwambia. Tombo akahesabu. Mzunguko wa kwanza Ba'mdogo aliangalia miguu ya Tombo. Mzunguko wa pili akaacha kuiangalia. Baada ya hapo, Dada, mimi sijui nikueleze vipi. Yule mzee alishuka mpaka magoti yakakaribia ardhi, akapanda tena, akapiga mluzi. Watu wa Behenjy hawakuweza kuvumilia, wakajitosa na tarumbeta. Mpiga gitaa mmoja alikuwa analia na kucheka. Walilizunguka kaburi na Mama mara zote saba na wakaongeza nyingine ambazo mnajimu hakuziagiza.

Walipomshusha, Ba'mdogo aliuchana mkeka kwa mikono yake. Kipande kikubwa alimpa Tombo, si Fara, na wote tukaona. "Mpelekee mkeo, mkwe," akasema. Ni mara ya kwanza kumwita mkwe. Tombo alikipokea kwa mikono miwili, akainama. Fara yeye alikuwa amejifunika uso kwa shuka.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Wapi! Mchana tumekaa kwenye majani tunakula, Tombo akasema, kwa sauti ya kutosha, kwamba sasa imejulikana nani mkubwa, maana hata Ba'mdogo amecheza salegy.

"Sikucheza," Ba'mdogo akasema, mdomo umejaa wali.

"Ba'mdogo! Watu wote wamekuona."

"Nilikuwa nashika mkeka. Mkeka ndio uliocheza."

Moto ukawaka upya. Jaojoby, Behenjy, Mahaleo, Queen, na tena yaleyale ya Mama: aliniambia mimi, hapana, aliniambia mimi. Tukiwa katikati ya kelele hizo, Baba akavua kofia moja. Tukanyamaza, maana Baba akivua kofia anataka kusema.

"Mimi aliniambia kwamba hata Rakoto Frah hanifikii kwa filimbi," Baba akasema.

Tukatazamana. Dada, unakumbuka filimbi ya Baba. Mbwa wa jirani walikuwa wanahama.

"Nikaamini miaka arobaini," Baba akaendelea. "Tulipozeeka nikamuuliza: mke wangu, niambie kweli, wewe unapenda muziki gani? Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, mimi masikio yangu hayajui wimbo huu na ule, kwangu yote ni mlio mmoja. Mimi huwa namtazama usoni anayeniimbia. Usoni mnapendeza sana, nyote." Baba akafuta jicho kwa ile kofia. "Akaniomba nisiwaambie. Leo nimemwomba ruhusa, pale mlangoni."

Nilimwona Njaka ameinamisha kichwa, nywele zimemfunika. Mimi nilikuwa nakumbuka jikoni, jinsi alivyokuwa akiniambia, ongeza sauti, Hanta, huu ndio wimbo wenyewe, na nyimbo zote zilikuwa ndio wimbo wenyewe.

Mwishowe Ba'mdogo akakohoa. "Nyinyi, sawa," akasema. "Nyinyi aliwadanganya. Mimi hapana. Mimi aliniambia kweli."

Tulicheka, Dada, mpaka watu wa meza ya wageni wakaja kuuliza kumetokea nini. Hatukuweza kuwaeleza. Tombo alikuwa amelala chali kwenye majani, na Baba amevaa kofia yake anatazama milima kana kwamba hakusema neno.

Naivo anakusalimu, na Njaka, na Fara na Tombo wake. Ba'mdogo Ramaro anakusalimu na anasema ukisikia uvumi wowote kutoka huku usiuamini. Baba anakusalimu kwa mkono wake mwenyewe, ule mchoro pembeni ni sahihi yake. Wazee wetu wakulinde huko uliko, walilinde na goti lako, na Mungu akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Nijibu upesi, na uniandikie ukweli: wewe uliyekuwa unapiga kinanda cha kanisani, Mama alikuwa anakuambia nini? Usiniandikie tu kwamba wewe hakukudanganya. Sote tumeshasema hivyo.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukukumbuka kila radio inapolia,
Hanta