Kichuguu cha Mama Mkwe

Jumanne, 16 Aprili
Nimefagia tena kichuguu. Nyasi zote nimeng'oa. Shimo la kukusanyia kumbikumbi iko tayari. Mvua ndiyo hakuna. Zamani, siku kama hizi, watoto walikuwa wamekula kumbikumbi mpaka wanakataa.

Hapa Adumi kila kichuguu kina mwenyewe. Hiki alinipa mama mkwe, mimi, si mashemeji. Nikifa ni cha Driciru, mke wa mwanangu. Akijifunza. Leo ananiambia niache nyasi kidogo. Mtoto wa juzi!

Jumamosi, 20 Aprili
Jua. Kisima cha chini kimekauka, tunachota matope. Majani ya mihogo yamejikunja. Ndege hawalii.

Jumatano, 24 Aprili
Nimechoka kungoja. Nimemwaga madumu mawili ya maji juu ya kichuguu, nikapiga vijiti chini, ta-ta-ta, kumbikumbi wafikiri ni mvua. Ndivyo tunavyofanya sisi.

Driciru akasema, "Mama, unawadanganya na jua hili?"

"Wewe piga vijiti. Mdomo weka mfukoni."

Wakatoka. Wakaanguka kwenye udongo wa moto, wakakauka hapo hapo. Nimepata kikombe kimoja. Sikula. Maji yale tungepikia siku mbili. Nimekosea. Simwambii mtu.

Jumapili, 28 Aprili
Mwanangu kapiga simu kutoka Koboko. Mvua ya mawe, barabara imekatika, haji. Nikamwambia huo ni uvivu. Saa tisa mchana mvua ikafika kwetu.

Jumatatu, 29 Aprili
Mvua ya mwezi mzima imeshuka mchana mmoja. Maji yalitoka juu, yakapita pale nilipofagia kama yamechongewa barabara. Hata jani la kuyazuia hakuna. Yakajaa shimo langu, yakala kichuguu upande mzima. Vitoto vyeupe vya mchwa vinaelea kama mchele.

Kichuguu cha jirani kimesimama. Kimejaa nyasi. Kila mwaka namwita mvivu yule mama.

Driciru ameona yote. Akachukua ndoo, akaenda zake kisimani. Afadhali angesema.

Ijumaa, 3 Mei
Sijaenda kule. Nina kazi.

Alhamisi, 9 Mei
Jua tena, kama haikunyesha. Nimeenda peke yangu asubuhi. Pale palipobomoka iko udongo mpya, mbichi, mwekundu, si zaidi ya kidole. Mchwa wanajenga. Mwaka huu hatutakula. Mwaka kesho sijui.

Nyasi zimeanza kuchipua pembeni. Driciru akaja na fagio, mkono mmoja kiunoni, ananitazama.

"Nifagie, mama?"

"Weka chini hiyo."

Akacheka kidogo. Nilimwacha acheke.

Nikaanza kufukia shimo kwa mikono. Yeye akaleta udongo.