Walisaini Kuhudhuria, Nikaandika Wameridhia

Mshauri, pokea salamu kutoka Igunga, na nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanikasirikia.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa samaki katika kijiji kimoja kata ya Choma, na najua utacheka kusikia huku kwenye ng'ombe na vumbi kuna samaki, hata majirani zetu hucheka, lakini tuna mabwawa tisa, na ujuzi wote tumeuokota wenyewe, mwingine kwenye simu, mwingine kwenye kijitabu kisicho na jalada, na mwingine kwa hasara, kama mwaka juzi nilipozidisha samadi bwawani, nikaamka nikakuta perege wote wameelea matumbo juu, watu wakanipa pole kijiji kizima na asiwepo hata mmoja wa kunipa sababu.

Ndiyo maana tuliposikia kuna mradi wa kujenga kituo cha utafiti na mafunzo ya samaki, watu wafundishwe kufuga, kukausha na kuhifadhi, na vifaranga vizalishwe huku huku, niliona kama kituo kimeandikwa jina langu, maana binti yangu, nitamwita Bertila, amemaliza kidato cha nne yuko tu nyumbani, angesoma akitokea kwangu. Ofisa wa mradi, nitamwita Bwana Fikiri, akatuambia wazi kwamba kituo kitakwenda kule ambako wananchi wanakitaka, tulete muhtasari wa mkutano na saini za watu wazima wasiopungua mia mbili, na tutaje eneo. Eneo likawa kando ya lambo, kwa sababu huko ndiko maji yanakodumu mwaka mzima. Ndiko pia ng'ombe wote wanakokunywa.

Basi tukaita siku ya mafunzo ya kukausha samaki, na watu walikuja kwa wingi kwa kuwa ilijulikana kuna perege wa kukaanga. Kama kawaida ya huku, kabla mtu hajafungua mdomo karatasi ya mahudhurio ikazungushwa, jina, kitongoji, saini, wasioandika wakaweka dole gumba, na mshauri unajua sisi hatuulizi karatasi ya mahudhurio ni ya nini, mtu hulalamika pale inapompita. Wakafika mia mbili na kumi na nne. Juu ya karatasi sikuwa nimeandika kichwa. Jioni yake mwenyekiti wetu, Mzee Silasi, akaitazama ile nafasi tupu, akaniambia, "Katibu, mtu amekula samaki wetu, amelamba na vidole, unataka akubali mara ngapi?" Nami nikaandika: Orodha ya wananchi walioridhia kituo kijengwe kando ya lambo. Kesho yake nikaipeleka kwa Bwana Fikiri. Mwandiko wangu ni mzuri, nasikitika kusema.

Namba tatu kwenye orodha hiyo ni kaka mkubwa wa mume wangu, mfugaji, nitamwita Sixbert. Siku ile hakuja kwa mafunzo, aliniletea kuni za kukaangia, akaambiwa weka dole, akaweka. Juzi alikuja kwangu, nikamwamkia, akakaa, nikampa chai.

"Shemeji," akasema, "nasikia la lambo limeshakubaliwa."

"Hata mimi nasikia hivyo," nikajibu, Mungu anisamehe.

"Wewe ndiye mwenye kalamu. Nitajie wawili tu waliokubali, nikawasalimie."

Nikataka kumwongezea chai. Akaniambia kikombe bado kimejaa.

Mshauri, huyu ndiye aliyenilimia shamba lote kwa maksai wake mwaka ule mume wangu alipolazwa hospitali ya Kitete miezi miwili. Ijumaa ya wiki ijayo Bwana Fikiri na wenzake wanakuja kuisoma orodha jina kwa jina mbele ya mkutano, na shemeji ataambiwa kijiji kizima kikisikia kwamba lambo alilitoa yeye mwenyewe kwa dole lake. Nikisema ukweli, kituo kitahamia kata nyingine na wenzangu kwenye kikundi watanitafuna mbichi. Nikinyamaza, sijui nitamtazamaje. Sikughushi saini hata moja, kila dole ni la mwenyewe. Nifanye nini?

Katibu, Igunga

* * *

Katibu,

Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba. Kukasirika nimekasirika nikiwa njiani.

Tuanze na ile sentensi uliyoitanguliza mbele ya swali lako ikiwa imevaa nguo za ibada: hukughushi saini hata moja. Ni kweli. Uliwachukulia watu kauli yao wakiwa wanatafuna. Na Mzee Silasi mwache alipo. Yeye alisema, wewe uliandika. Nimekaa kwenye mikutano ya kutosha hapa Tabora kujua kwamba karatasi ya mahudhurio huanza safari ikiwa mahudhurio, na ikifika ofisini imekuwa ridhaa, pongezi, au ombi la barabara. Hukubuni wewe mchezo huo. Lakini safari hii uliyemchezea ni mtu wa nyumbani kwako.

Pole zako unazo. Kukosa wa kumuuliza perege wamekufa kwa nini ni upweke wa aina yake, na kituo hicho mnakihitaji, sikuambii uachane nacho. Ila jiulize kitaanzaje. Siku ng'ombe watakapozuiwa lamboni, wafugaji watamwona kila mwanafunzi mwenye ndoo ya vifaranga kuwa ndiye aliyewaibia maji, na Bertila atakuwa mmoja wao, tena anayejulikana ni binti wa nani.

Halafu rudia kusoma barua yako. Sixbert hakukwambia hataki kituo. Alikuuliza nani amekubali. Kurasa zote hizo umeandika, na hujui kama watu wako wanakitaka au hawakitaki, kwa sababu hukuwauliza. Unaogopa kupoteza kitu ambacho bado hujapewa.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa shemeji kesho, usingoje Alhamisi, mkesha wa mkutano. Nenda kwake, asije kwako, na usibebe samaki. Zungumza kwa lugha mnayoongea nyumbani. Kiswahili cha muhtasari kitakupa pa kujificha. Mwambie dole aliloweka kwa mahudhurio ulilifanya la kukubali, wewe, kwa mkono wako. Kisha nyamaza. Usimtaje Bertila, usimtaje mwenyekiti, wala usianze habari za maksai na Kitete. Atazikumbuka mwenyewe bila msaada wako.

Baada ya hapo ni barua kwa Bwana Fikiri, na nakala kwa mtendaji wa kijiji: orodha niliyowasilisha ni ya waliohudhuria mafunzo, naiondoa, naomba Ijumaa uwe mkutano wa kuwauliza wananchi. Kikundi kitakununia. Waambie mnayo siku nane za kupita nyumba kwa nyumba, nafasi ambayo mara ya kwanza hamkujipa. Ijumaa kichwa cha karatasi kiandikwe kwanza na kisomwe kwa sauti. Wafugaji waseme kabla yenu. Njooni na jibu la ng'ombe watapita wapi na watanywea wapi, na kama hamna jibu, mtafute eneo lingine la kituo. Chakula kiliwe watu wakishaweka saini na wakishakataa kuweka, wote wale sawa. Wakiridhia sitini, peleka sitini. Mradi ukihamia kata nyingine, Bertila atapanda basi kwenda kusoma huko, na hakuna atakayemtupia jicho stendi.

Shemeji anaweza kukusamehe hapo hapo. Anaweza pia kuinuka kwenda kuangalia mifugo akakuacha umekaa peke yako uani kwake. Ile barua ya kuondoa orodha usiifanye ingoje atakachoamua. Iandike leo, kesho nenda nayo, umsomee, na hata akikupa mgongo, iwe imefika kwa mtendaji kabla ofisi haijafungwa.