Usiuache Mplamu wa Mama kwa Ajili Yangu

Chumba cha ghorofani,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Natumaini goti limepoa na shemeji bado anakoroma vizuri. Mimi mzima, isipokuwa macho. Siku hizi nasoma mchana tu, karibu na dirisha.

Barua yako nimeipata pamoja na picha ya mplamu wa Mama. Unasema tawi la upande wa jikoni limekauka ghafla, majani yakiwa bado yananing'inia, na shina linatoa gundi ya rangi ya asali. Unauliza kama ni ukame. Si ukame. Ni kuvu. Huingia kwenye jeraha la msumeno, hasa mti ukikatwa siku za mvua, kisha huuozesha ndani kimya kimya kwa miaka kabla tawi halijafa.

Hapa mtaani tumeyaona hayo. Jirani yangu tunamwita Kinyozi, kwa sababu hupogoa miti ya kila mtu. Alizoea kukata mara tu mvua inapokatika, kwa kuwa mti uliolowa haumchoshi mkono, na msumeno ni ule ule kutoka ua hadi ua. Juzi mpichi wake mwenyewe ukaanza kufa. Mkewe akamwambia, "Umewanyoa wote, baba, sasa upara umekufikia wewe." Akachukua msumeno. Tulikata pamoja kipande kwa kipande, tukitazama kila tulipokata. Kulikuwa na doa la kahawia, pana kwenye gome na jembamba kuelekea katikati, kama kipande cha keki. Unazidi kukata ukishuka mpaka ukute mti usio na doa. Kwake doa lilifika ardhini. "Basi," akasema, akaketi juu ya ndoo.

Wako bado una nafasi, nikiiamini picha. Pale Mama alipounga kikonyo cha plamu juu ya mti mwingine, shina limevimba kama kifundo cha mguu. Juu kidogo ya uvimbe naona chipukizi. Hilo ndilo plamu yenyewe. Yatakayotoka chini ya uvimbe ni ya ule mti mwingine, wa matunda machungu. Basi shina lote likatwe juu tu ya chipukizi, siku kavu, msumeno ukiwa umepanguswa kwa spiriti, na vipande vichomwe moto. Usipake saruji wala rangi. Kuvu iliyokwisha kuingia haitolewi na rangi. Lakini doa likiushukia uvimbe, hakuna tena la kufanya.

Sasa lile neno lako la mwisho. Umeandika kwamba vijana walitaka kuukata, ukawazuia ili nije niukute umesimama, nile plamu zake msimu ujao. Nimelisoma zaidi ya mara moja. Mdogo wangu, siji. Daktari amekataa safari ndefu, nami sikubishana naye. Kila mwezi unaoningojea, doa linashuka. Waambie waukate wiki hii, kabla ya mvua.

Msalimie shemeji, na mwanao fundi umeme, ambaye ndiye ashike msumeno kwa kuwa ana subira. Shangazi naye, kama bado anasikia. Mungu awatunze nyote na alikuze hilo chipukizi. Likizaa, za kwanza ule wewe, usiniwekee.

Ndimi kaka yako, nikupendaye kutoka huku mbali.