Kichupa Nilichokiosha

Nyumba ya kona,
nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mke mwenzangu, Bi Kwanini,

Hujambo huko kwenye baridi? Unakula, au bado unashinda na chai na biskuti mbele ya hadubini? Mara ya mwisho ulikuja shingo imekonda kama mpini wa mwiko. Mimi ni mzima. Goti linalalamika, lakini nimelizoea kama nilivyomzoea mama yako.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Niliishia darasa la tatu, lakini herufi hazijanikimbia. Kumbe umekabidhiwa maabara nzima, na dawa mliyoihangaikia imeanza kujaribiwa kwa wagonjwa. Ukurasa huo nilimsomea muuza mkaa, ingawa hakuniuliza. Miaka kumi na minne unaukodolea macho uvimbe wa ubongo huku wenzako wanajenga na kuzaa. Nilikusema sana, na radhi siombi. Kazi ya bibi ni kusema.

Ulikoanzia nakujua. Siku tuliyomzika babu yako ulikuwa na miaka tisa, ukauliza mbele za watu, "Huo uvimbe kichwani ulitoka wapi?" Mama yako mdogo akakufinya. Hakuna aliyekujibu, ukaondoka kwenda kulitafuta jibu mwenyewe.

Sasa la kichupa. Unauliza kwa nini changu kilifika kitupu, wakati vya wanangu watatu vilifika na mate yake. Usiwasingizie watu wa posta. Ni mimi. Muuguzi wa zahanati alinielekeza vizuri, nikatema hadi kwenye mstari. Nilipofika nacho nyumbani nikakitazama, nikaona haya. Mate ya mtu mzima, yenye mapovu, yasafiri hadi kwa wasomi? Nikakiosha kwa sabuni na maji ya moto, nikakifuta, nikakifunga. Nikasema moyoni, kama mashine zao zinaona visivyoonekana, kilichobaki kitawatosha.

Na wewe una lako. Msomi mzima unaniomba mate bila kuniambia ya nini. Muuguzi nilipomwambia nilikiosha, alicheka hadi akatafuta pa kukaa, kisha akanifafanulia. Babu yako hayupo, wala hakuacha hata unywele. Ila kila mtoto wetu ana nusu yangu na nusu yake. Mkiijua yangu, mkaitoa kwenye ya watoto, kinachobaki ni chake. Hapo mtaona kama ugonjwa ule alizaliwa na mbegu yake akawarithisha wanawe, au ulimwangukia yeye peke yake.

Nilimfikiria mjomba wako seremala. Yule anayejifanya simba, kichwa kikimgonga kidogo tu anaacha randa, anakuja kukaa jikoni kwangu. Juzi ndipo aliposema, "Mama, baba naye si alianza hivihivi?"

Nikamwambia, "Baba yako alianza kwa kusahau jina langu. Wewe unashinda unanusa vanishi na madirisha umefunga."

Akacheka, lakini chai hakuimaliza.

Kwa hiyo nimetema upya, asubuhi, kabla ya kula wala kusukutua. Muuguzi alikifunga kichupa mwenyewe na kukiweka mbali na mikono yangu. Majibu yakitoka, matamu au machungu, tuandikie yote, usituchujie. Kama kipo cha kuangaliwa, mjomba wako ataangaliwa mapema. Babu yako nafasi hiyo hakuipata. Na madirisha sasa anafungua, nimehakikisha.

Mama yako anakusalimu, anasema ulale. Mjomba wako anakuchongea rafu ya vitabu. Mama yako mdogo naye anakusalimu. Siku hizi anawatangazia watu kwamba akili zako yeye ndiye aliyeziona mapema. Kufinya hakutaji.

Mungu ayalinde macho yako, aitie heri mikono yako, na kila mgonjwa anayeonja dawa yenu aamke akijua jina la mkewe.

Na ukishaitoa nusu yangu, huyo atakayebaki hapo kwenye mashine zako, msalimie. Mwambie mke mkubwa yupo, hajambo, na mke mdogo ndiye aliyemtafuta hadi akamwona.

Wako nikupendaye hata ninapokugombeza,
Bibi yako