Mafuta ya Alizeti na Ushuhuda wa Baba Immaculate

Mpendwa Shangazi Wachuka, nisaidie kabla ya Jumapili, maana hapa Lanet sina mtu wa kumwambia bila habari kufika kanisani kabla yangu. Binti yetu Immaculate alituletea kutoka Olenguruone chupa ya mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa bila moto, akasema ni ya afya na baba yake awe anapata kijiko kimoja na chakula, sasa siku akina mama wa chama chetu cha akiba walipokuja nikaishiwa na mafuta, nikamimina chupa nzima kwa karai nikapika mandazi, jikoni kukajaa moshi, mandazi yakawa machungu, na Mama Micah akauliza kama nimekaanga na dizeli. Niliona aibu, nikaogopa pia, kwa sababu mume wangu Makhanu alikuwa storekipa wa kiwanda miaka mingi na hukagua hata chupa ya sabuni, basi nikanunua mafuta ya kupima, yale ya kawaida ya kupikia, pale dukani, nikaijaza chupa nikairudisha palepale kando ya jiko.

Shangazi, hakugundua. Alianza kumeza kijiko asubuhi na jioni, amefumba macho akiomba, akasema magoti yamelainika, na chupa ilipoisha nikaijaza tena nikamwambia Immaculate ametuma nyingine, akasema hii ya pili ina nguvu kuliko ya kwanza. Ningecheka, lakini wiki tatu zilizopita alichukua dawa zake za presha akazitupa chooni, akaniambia, "Mama Immaculate, hii mafuta imenitoa kwa utumwa ya tembe." Sasa Jumapili atatoa ushuhuda kanisani, na jirani yetu Mzee Wasike, ambaye pia ana presha, amesema atamsikiliza halafu naye aache zake. Nafikiria nitafute mafuta ya kweli nijaze kimyakimya, uongo uishe bila mtu kuaibika. Nifanye hivyo?

Mama Immaculate, Lanet

Mama Immaculate, nilicheka mpaka nikafika kwa zile dawa zilizotupwa chooni. Hapo nikaacha.

Tumalize kwanza mambo ya jikoni, maana hata huko umeharibu. Mafuta yaliyokamuliwa bila moto hayataki moto mkali. Ukiyachemsha kwa karai yanatoa moshi, ladha inaharibika, na ile vitamini E iliyomfanya binti yako ayabebe kutoka Olenguruone inapungua. Pika sukuma wiki yako, epua, kisha nyunyizia kijiko. Weka kwa kachumbari au juu ya viazi vya kuchemsha, maana mafuta husaidia mwili kuchukua vitamini za mboga. Na chupa ikae kabatini penye giza, si kando ya jiko. Mandazi kaanga na hayo ya kupima, yamezoea mateso.

Sasa mumeo. Mtu aliyelinda stoo ya wenyewe miaka yote hiyo ameponywa na mafuta ya chapati. Mpe pongezi zangu. Lakini wewe usijifiche nyuma yake: wiki tatu umemtazama akiishi bila dawa, ukaogopa aibu ya mandazi kuliko kumpoteza. Hilo limeniudhi. Na hata ukimjazia ya kweli, bado utakuwa unamdanganya. Alizeti ni chakula kizuri, lakini haichukui nafasi ya dawa ya presha.

Presha haipigi hodi. Mtu anaweza kujisikia kijana na iko juu. Leo hii mpeleke kliniki apimwe, na daktari aambiwe ni dawa gani aliacha na tangu lini, asizianze tena kwa kukisia. Mkiwa kwa foleni mweleze mumeo kila kitu, kuanzia karai. Atakasirika, mwache akasirike, daktari yuko karibu. Mkitoka hapo pitieni kwa Mzee Wasike, na Makhanu mwenyewe ndiye amwambie asiguse dawa zake.

Jumapili bado asimame atoe ushuhuda wake, ila uwe wa kweli: kwamba alidanganywa na chupa, na tembe zimerudi mfukoni. Watacheka, na Mama Micah atacheka kuliko wote. Afadhali kanisa limcheke akiwa amesimama kuliko limlilie akiwa amelala.